Saruji Iende Sakafuni: Nyumba, Afya na Tabianchi katika Delta ya Rufiji

Mganga akimpokea mgonjwa humwuliza amekula nini, anakunywa maji ya wapi na kama analala ndani ya chandarua. Ni mara chache sana humwuliza analala chini ya paa la namna gani, juu ya sakafu gani, na kama kati ya ukuta na paa pana mwanya. Hata hivyo, malaria, kuhara, kikohozi cha watoto, minyoo na uchovu wa joto hupita katika mlango huo mmoja wa makazi. Makala haya yanatetea hoja kwamba katika wilaya ya Kibiti, na hasa katika delta ya Rufiji, suala la ujenzi unaopunguza hewa ukaa ni suala la afya ya jamii kabla halijawa suala la wasanifu majengo. Yanatetea pia kwamba sisi tulio katika taaluma ya afya tumekaa kimya mno wakati nyumba zikijengwa upya.

Nasema upya kwa sababu Aprili 2024 mafuriko ya mto Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na familia nyingi zikalazimika kuhama. Kabla maji hayajakauka vizuri, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilitua katika eneo la kisiwa cha Mafia, ng'ambo tu ya mlango wa delta. Fizikia ya mambo haya inaeleweka: kila nyuzi moja ya selsiasi inayoongezeka katika hewa huiwezesha hewa hiyo kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukishuka hushuka kwa kishindo. Bahari nayo inapanda, na maji ya chumvi yanazidi kuingia katika mifereji ya delta. Nyumba itakayosimama leo Kiongoroni, Msala au Mbuchi itakutana na mafuriko na vimbunga vingine, na swali ni itawakinga vipi walio ndani yake.

Tunachokiita nyumba bora

Jibu la kawaida linajulikana: iwe nyumba ya tofali za saruji na bati. Sensa zetu na tafiti zetu za kaya huuliza ukuta, sakafu na paa vimejengwa kwa nini. Saruji na bati huhesabiwa kuwa maendeleo, udongo na makuti huhesabiwa kuwa umaskini. Kipimo hicho hakikutungwa kwa nia mbaya, na kina ukweli ndani yake. Nyumba ya kukandikwa kwa udongo, yenye fito zilizofungwa kwa kamba na sakafu ya mavumbi, ina kasoro ambazo hakuna mtu wa afya anayeweza kuzifumbia macho. Mbu hupita katika upenyo wa juu ya ukuta. Funza huishi katika vumbi la sakafu. Papasi, wanaoeneza homa ya vipindi, hujificha katika nyufa za sakafu na viambaza. Makuti yakizeeka huvuja, yakikauka hushika moto kwa cheche moja ya jikoni.

Lakini kipimo hicho huhesabu vifaa, hakihesabu kazi ya nyumba. Nyumba ya tofali za saruji isiyo na wavu madirishani na yenye upenyo juu ya ukuta humkaribisha mbu sawasawa na ile ya udongo. Bati lisilo na dari hupokea jua la mchana na kulirudisha ndani kama tanuri, na ukuta mzito uliopashwa moto kutwa huendelea kutoa joto usiku. Katika usiku wa namna hiyo watu hulala barazani, au hukipandisha chandarua juu ili wapate hewa. Tukihesabu vifaa tu, familia hiyo imeendelea. Tukihesabu kuumwa na mbu na saa za usingizi, huenda haijasonga hata hatua moja. Ningependa tupime nyumba kwa maswali manne: Je, inamzuia mbu? Je, inastahimili maji? Je, inapunguza joto? Je, mtoto anayetambaa sakafuni yuko salama?

Gharama ya saruji

Saruji si adui, na makala haya hayaipigi vita. Lakini ni dawa yenye madhara, na kila dawa yenye madhara hupimwa kipimo. Uzalishaji wa saruji duniani hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote itokanayo na shughuli za binadamu. Sababu iko katika kemia yake. Mawe ya chokaa huchomwa tanurini kwa jotoridi linalofikia nyuzi 1,450 za selsiasi, na yanapogeuka kuwa klinka huachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka katika jiwe lenyewe, wala si katika makaa au gesi iliyolichoma. Ndiyo maana hata tanuri likiendeshwa kwa umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, hewa hiyo bado ingetoka.

Katika delta kuna gharama nyingine, nayo ni safari. Mfuko wa saruji hupanda lori hadi Nyamisati, kisha hushuka mashuani na kupitia mifereji ya mikoko kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Ukilowa njiani umekwisha. Ukifika, huchanganywa na mchanga na maji yaliyopo, na mara nyingi yaliyopo yana chumvi. Chumvi ikiingia katika zege huila nondo. Nondo ikipata kutu huvimba na kuupasua ukuta au lenta kutoka ndani. Kwa hiyo jengo linaloitwa la kudumu linaweza kuanza kubomoka kabla ya watoto waliozaliwa ndani yake hawajamaliza shule. Fundi yeyote mzoefu wa pwani anajua jambo hili. Ni ramani za majengo zinazochorwa mbali na bahari ndizo husahau.

Basi saruji itumike wapi? Jibu langu ni sakafuni, chooni na kwenye msingi. Ushahidi upo. Nchini Meksiko, mpango wa serikali ulioitwa Piso Firme, ulioanzia jimbo la Coahuila mwaka 2000, uliwapa maskini sakafu ya saruji badala ya vumbi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba kubadilisha sakafu yote ya nyumba kulipunguza maambukizi ya vimelea kwa watoto kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Kuta hazikuguswa. Ni sakafu peke yake iliyofanya kazi hiyo.

Tufanye hesabu ndogo. Nyumba ya mita 6 kwa 8, ikimiminiwa sakafu yenye unene wa sentimita 5, huhitaji mita za ujazo 2.4 za zege, yaani mifuko kama 15 ya saruji. Kuta za nyumba hiyohiyo, zikijengwa kwa tofali za saruji na kupigwa lipu ndani na nje, hula mara kadhaa ya kiasi hicho. Familia yenye fedha ya mifuko 20 huanza kwa kuta, kwa kuwa kuta ndizo zinazoonekana na jirani, kisha hukaa miaka mingi ndani ya kuta hizo juu ya vumbi. Ushauri wa afya ungeigeuza safari hiyo: sakafu kwanza, bamba la choo linalosafishika la pili, ukuta baadaye na kwa kifaa kingine. Na pale ambapo hata mifuko 15 haipatikani, nchini Rwanda na Uganda taasisi ya EarthEnable imeonyesha kwamba sakafu ya udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta yanayokauka kuwa ngozi ngumu inaweza kuoshwa na kufagiliwa bila kutimka vumbi.

Somo la dungu

Kuhusu kuta na umbo la nyumba, Rufiji ina hazina yake yenyewe. Kila aliyepita bondeni wakati wa mpunga amewaona madungu: vibanda vilivyosimama juu ya nguzo, vyenye ngazi na paa la nyasi au makuti, ambamo mkulima hukaa kulinda shamba dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, na kuyaacha maji yapite chini yake. Mafuriko kwa Mrufiji hayakuwa msiba mtupu. Yalileta rutuba, na yakipungua yaliacha unyevu wa kilimo cha mlau. Watu waliishi na mto kwa kujiinua juu yake.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia wakazi wengi wa bonde katika vijiji vya nyanda za juu. Makusudi yalikuwa mema: shule, zahanati, maji na usalama. Lakini mashamba yalibaki bondeni, na wakulima waliendelea kuyafuata na kukaa madunguni kwa miezi ya kilimo. Kilichopotea katika mipango rasmi ni wazo lenyewe la nyumba iliyoinuliwa. Tangu hapo dungu limeonekana kama banda la shamba, ishara ya ufukara, na hakuna ramani ya nyumba bora iliyoanzia kwake.

Sasa sayansi inalirudia. Mwaka 2021 watafiti walichapisha jaribio la Gambia ambamo vibanda vya majaribio viliwekwa katika vimo mbalimbali kutoka ardhini. Kibanda kilichoinuliwa mita 3 kiliingiwa na mbu waenezao malaria kwa kiasi pungufu kwa asilimia 84, kikilinganishwa na kilichokaa ardhini. Mbu hao hupendelea kuruka chini, karibu na ardhi. Aliyejenga dungu ili aepuke maji na viboko alikuwa pia akimkwepa mbu, ingawa si kikamilifu, kwa kuwa dungu la kawaida liko wazi pande zote na kimo peke yake hakitoshi.

Kinachokamilisha ni wavu. Hili nalo si jambo jipya. Mwaka 1900 madaktari Sambon na Low waliishi katika kibanda chenye wavu karibu na Ostia, Italia, katika msimu mzima wa malaria, na hawakuugua. Mwaka 2009 utafiti mwingine wa Gambia ulionyesha kwamba kuziba madirisha, milango na upenyo wa juu ya ukuta kwa wavu, au kuweka dari ya wavu, kulipunguza kwa takriban nusu idadi ya mbu walioingia ndani, na upungufu wa damu kwa watoto ulishuka pia. Hapa nyumbani, mkoani Mtwara, zimejengwa nyumba 110 za majaribio zenye ghorofa moja juu, vyumba vya kulala vikiwa juu, kuta nyepesi zinazopitisha hewa lakini si mbu, sakafu inayosafishika, choo salama na tangi la kuvunia maji ya mvua, huku zikitumia zege kidogo kuliko nyumba za kawaida za tofali. Watoto wake wamefuatiliwa kwa miaka kadhaa, na wameugua malaria, kuhara na maambukizi ya njia ya hewa mara chache kuliko wenzao wa nyumba za kawaida za vijiji hivyo.

Mtwara na Kibiti ni pwani moja. Kinachotakiwa ni fundi wa Rufiji kupewa nafasi ya kuliboresha dungu lake: nguzo imara zaidi, sakafu ya mbao iliyobana, kuta nyepesi za mianzi au mabanzi zenye wavu, na paa lenye upenu mpana. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Hatusemi watu warudi katika asili yenye papasi na funza. Tunasema waichukue ile akili iliyokuwa ndani ya asili hiyo.

Nguzo zitoke wapi?

Hapa tunafika penye ugumu. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko unaokadiriwa kuwa hekta 53,000, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko iliyoshikana katika pwani ya Afrika Mashariki. Msitu huu ulijenga miji. Boriti za Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi hadi Unguja, Oman na Ghuba ya Uajemi. Upana wa vyumba vya nyumba kongwe za Mji Mkongwe uliamuliwa na urefu wa boriti, kwa kuwa chumba hakingeweza kuwa kipana kuliko mti uliobeba dari yake. Utawala wa Kijerumani uliutangaza msitu huo kuwa hifadhi mwaka 1898, kwa ajili ya faida ya miti na magome yake. Tangu hapo kila serikali imeupigia msitu huo hesabu zake, na mwananchi wa delta, ambaye nyumba yake imesimama juu ya nguzo hizohizo, mara nyingi amejikuta akihesabiwa kuwa mvamizi.

Mikoko ni ukuta wa kwanza wa nyumba zote za delta. Huvunja nguvu ya mawimbi, hushika udongo, huwalea kamba na samaki ambao ndio kitoweo na kipato, na matope yaliyo chini yake yamehifadhi kaboni kwa wingi kuliko aina nyingi za misitu ya nchi kavu kwa kila hekta. Nyumba isiyo na saruji lakini iliyomaliza mikoko si nyumba ya kupunguza hewa ukaa. Imehamisha tu madhara kutoka tanurini hadi baharini. Vivyo hivyo tofali za kuchoma: huonekana za asili, lakini tanuri lake hula magogo mengi na moshi wake huingia katika mapafu ya wachomaji na majirani.

Njia mbadala zipo na zinajulikana. Mvinje hukua haraka katika mchanga wa pwani, na katika pwani ya Kenya na Unguja tayari hupandwa na kuuzwa kama mti wa kujengea badala ya mkoko. Minazi iliyozeeka, isiyozaa tena, hutoa mbao ngumu kutoka sehemu ya chini na ya nje ya shina. Mianzi ikilowekwa katika maji ya boraksi hustahimili wadudu. Katika nchi ya juu ya wilaya, kuanzia Jaribu Mpakani na Bungu hadi Kibiti mjini, penye udongo wa kichanga wenye mfinyanzi kidogo, tofali za kufungamana zilizoshindiliwa kwa mashine ya mkono huhitaji saruji ya asilimia 5 hadi 10 tu, hazichomwi, na hupangwa kwa lipu kidogo au bila lipu. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezifundisha kwa miaka mingi. Udongo mzito wa matope wa delta haufai kwa kazi hiyo, na ndiyo maana nasisitiza kuwa wilaya moja inahitaji ramani mbili: ya nchi ya juu na ya majini.

Hata saruji yenyewe inaweza kupunguzwa makali. Vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, katika mkoa huuhuu wa Pwani, vina udongo mweupe wa kaolini unaojulikana tangu zamani. Watafiti wa Uswisi, Kuba na Uhindi wameonyesha kwamba udongo wa namna hiyo ukichomwa kwa nyuzi 800 hivi, ukachanganywa na mawe ya chokaa yasiyochomwa na jasi kidogo, unaweza kuchukua nusu ya nafasi ya klinka na kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 40. Maganda ya mpunga, ambayo Rufiji inayo tele, nayo huacha majivu yenye silika nyingi yanayoweza kuingia katika mchanganyiko wa saruji yakichomwa kwa joto la wastani. Hapa neno la kitabibu linahitajika: yakichomwa kwa joto kali mno, silika hiyo hugeuka kuwa fuwele zinazoumiza mapafu ya anayezivuta. Kifaa kinachosifiwa kwa kuokoa mazingira hakipaswi kuua mapafu ya kibarua anayekitengeneza.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la haki, na ni zito. Mtanzania mmoja hutoa sehemu ndogo sana ya hewa ukaa anayotoa mtu wa Ulaya au Marekani. Kwa nini basi mvuvi wa Maparoni aambiwe apunguze saruji ili kulipia deni la wengine? Jibu langu ni kwamba hadaiwi chochote. Hoja ya makala haya haisimami juu ya kaboni ya maskini. Sakafu kabla ya ukuta, wavu kabla ya lipu, nyumba juu ya nguzo kabla ya nyumba ndani ya maji: haya yangekuwa sahihi hata kama hali ya hewa isingebadilika kamwe. Upungufu wa hewa ukaa ni faida inayofuata. Wajibu wa kaboni uwekwe pale penye saruji nyingi: kwa viwanda, kwa majengo makubwa ya mijini na kwa majengo ya serikali.

Pingamizi la pili ni la heshima. Mtu aliyehangaika maisha yake yote apate nyumba ya tofali na bati atasema kwamba wasomi wanaokaa katika nyumba za saruji wanamtaka yeye abaki na udongo. Hasira hiyo ina msingi, na haiondolewi kwa semina. Itaondoka pale jengo zuri kuliko yote kijijini, ambalo kila mtu angetamani kuwa nalo, litakapokuwa limejengwa kwa namna hii. Jengo hilo, kwa maoni yangu, liwe zahanati.

Bati pia litendewe haki. Katika delta, visima vingi huingiwa na chumvi, na kule pwani ya Bangladesh tafiti zimehusisha maji ya kunywa yenye chumvi na shinikizo la damu kwa wajawazito. Paa la makuti haliwezi kuvuna maji safi ya mvua, bati linaweza. Mama mjamzito wa Msala anahitaji bati kwa ajili ya figo na mishipa yake. Basi bati liwepo, lakini chini yake iwepo dari, hata ya mikeka ya miaa au makuti yaliyosukwa, na kati yake ipite hewa. Tangi la maji nalo lifunikwe na kuwekewa wavu, lisije likawa kitalu cha mbu waenezao dengue.

La kufanya

Kwanza, ramani za zahanati na nyumba za watumishi wa afya zitakazojengwa delta zisiwe zilezile za nchi kavu. Ziwe za kuinuliwa, zenye sakafu inayosafishika, wavu katika kila upenyo, upenu mpana, dari na tangi la mvua. Chumba cha kujifungulia kisichofikiwa na mafuriko ni kifaa tiba sawa na kitanda chake.

Pili, kila fedha ya kujenga upya baada ya maafa ifuate mpangilio wa afya: sakafu, choo, wavu, paa, kisha ukuta. Anayegawa msaada wa saruji agawe pia wavu na misumari yake, na amlipe fundi wa kijiji kuuweka vizuri, maana wavu uliopachikwa ovyo ni pambo.

Tatu, vijiji vya delta, Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania wakubaliane kuhusu mashamba ya mivinje na mianzi karibu na makazi, kabla ya kuongeza makatazo ya mikoko. Katazo lisilo na mti mbadala humfanya kila mjenzi kuwa mhalifu, wala haliuokoi msitu.

Nne, vyuo vyetu vya afya vikae meza moja na Chuo Kikuu Ardhi na mafundi wa Rufiji wenyewe. Kwa miaka mingi, tangu 1998, kaya za Rufiji zimefuatiliwa kwa ajili ya takwimu za uzazi, magonjwa na vifo, kazi iliyoipatia nchi maarifa makubwa. Wakati umefika wa kuuliza pia, kwa uzito uleule, ni umbo gani la nyumba linalomwezesha mtoto wa bonde hili kulala bila kuumwa na mbu, kutambaa bila kupata minyoo na kuamka bila kukuta godoro linaelea. Na wanafunzi wetu wa udaktari na uuguzi, wanapokwenda vijijini kwa mafunzo, wafundishwe kuandika katika jalada la mgonjwa mstari mmoja kuhusu nyumba: sakafu, upenyo, wavu, joto.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Katika delta ya Rufiji methali hiyo ni ushauri wa kitabibu kwa maana yake ya wazi kabisa. Ufa wa sakafuni na upenyo wa chini ya paa ndizo njia ambazo ugonjwa unaingilia leo, na kuziziba kunahitaji saruji kidogo, wavu na kazi ya mikono inayojua mahali pake. Tukiendelea kusubiri mpaka kila familia imudu kuta za saruji, tutakuwa tumechoma chokaa nyingi, tumekata mikoko mingi na kuzika watoto ambao sakafu na wavu vingewaokoa.